Chui wa Kuazima

Kihanga, Karagwe
8 Februari 1953

Kwa mjukuu wangu Leonadi,

Anayekuandikia ni mimi Kakuru, niliyemkabili chui bila mkuki, nikampiga fimbo moja ya kichwa, akalala asiamke, na ngozi yake nikaikalia mpaka ikaota upara kama mwenyewe. Kutoka hapa mpaka mto Kagera hakuna mwanamume mwingine aliyefanya hivyo.

Basi. Nimekwisha kujisifu, sasa nikusalimie. Na kwa kuwa umekuwa mtu mzima na unataka kuoa, nikwambie pia kwamba yule chui nilimkuta amekwisha kufa. Alinaswa katika mtego wa watu wengine, inzi wamemjaa. Fimbo nilimpiga ili nihakikishe. Lakini nilimpiga, hilo si uongo, na nilikuwa nimefumba macho. Usimwambie mtu.

Sisi hatujambo. Mama yako Pulkeria hajambo isipokuwa goti. Tangu marehemu baba yako Apolinary atuache, kibanja kinatushinda kidogo. Migomba ya upande wa njia imelazwa na upepo na hakuna wa kuiwekea nguzo. Ng'ombe wa madoa amezaa dume tena. Nilimkasirikia kama vile alifanya makusudi. Sabuni ulizotuma zimefika. Wenzetu wana watoto mjini, wanaletewa sukari. Sisi tunaletewa sabuni, kila mara sabuni, tena ya kunukia. Hivi ulipoondoka hapa tulikuwa tunanuka?

Sasa neno lenyewe. Rwezaura wa Kaisho amekubali kukupa binti yake Kemirembe. Nilikwenda na wazee wetu, tukanywa rubisi yake ya ndizi, ng'ombe tukaelewana. Kemirembe alipotuletea maji ya kunawa nikamwita mke wangu, akacheka mpaka akamwaga maji. Kwa hiyo jua kwamba una mwenzako.

Lakini Rwezaura ana sharti. Mabinti wa ndugu yake waliolewa na vijana wa mjini waliokuja na suti na saa, wakasimama mbele ya wazee wakaanza kukohoa. Msemaji akawasemea. Yeye hataki. Anasema, "Siku ya kumchukua binti yangu, kijana asimame uwanjani, ashike mkuki, afanye kwebuga kwa kinywa chake na kwa Kinyambo. Akishindwa, binti anarudi ndani."

Kwebuga unakujua, au nikukumbushe? Mwanamume anajisifu mbele ya watu: jina lake, aliyemzaa, na alichofanya kwa mikono yake mwenyewe. Ukimaliza kila mstari wazee wanaitikia, "Eee!" Ukitia mambo yasiyo yako hawakutukani. Wananyamaza tu. Nimewaona wanaume walionyamaziwa na mkuki mkononi. Mmoja alihamia Uganda.

Harusi ni Oktoba, kahawa ikishauzwa. Umeondoka hapa ukiwa mdogo, ukaenda shule ya bweni, kisha Mwanza. Niambie kweli: ulimi wako uko salama? Nauliza kwa sababu barua yako ya Krismasi ilinishinda, mimi ninayejulikana nchi hii yote kwa Kiswahili. "Fiti" ni nini? "Kidosho" ni mnyama gani? Nilimpelekea katekista Novatus aisome. Alisoma mpaka katikati, akaikunja, akasema, "Mzee, haya si maneno ya dini."

Ni mimi babu yako,
Kakuru


Mwanza
3 Mei 1953

Kwa Babu Kakuru,

Shikamoo babu. Mimi huku niko fiti kabisa. Fiti maana yake sina ugonjwa. Natumaini nanyi mko hivyo, na goti la mama limepata nafuu. Huku joto ni kali na samaki wamepanda bei. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Kazi za ofisi ya mji ni nyingi, tena tunaanza alfajiri sana, nikirudi ninalala kama gogo.

Nimefurahi sana kwa habari ya Kemirembe. Picha yake uliyoituma niliwaonyesha rafiki zangu wa dansi, wote wakasema ni kidosho. Kidosho ni msichana mzuri, babu, si tusi. Mwambie katekista amalize kusoma.

Kuhusu ule mkuki. Babu, hayo mambo kwa siku hizi yamepitwa. Sisi ni Wakristo. Padre atasoma, pete itavaliwa, tutapiga picha, mambo yote saafi. Kwani wewe huwezi kunisemea? Wewe ni msemaji hodari, hakuna asiyejua. Mimi nitasimama kando yako na suti yangu ya kijivu, nitaonekana.

Natuma kwa mtu wa meli blanketi la mama. Ni la kweli, si lile la manyoya ya kuchomoka. Asilifue kwa maji ya moto. Ndani yake nimefunga sabuni.

Mjukuu wako,
Leo


Kihanga
24 Mei 1953

Kwa Leonadi, au huyo Leo, yeyote kati yenu atakayefungua,

Hatujambo. Blanketi limefika, mama yako amelikunja akaliweka sandukuni, analiogopa. Kahawa inaanza kuwa nyekundu. Mwenzangu Aristides wa Kamuli ameanguka kutoka kitandani mwake, akavunjika mkono, na anasema alipigwa na ng'ombe.

Mjukuu wangu, nilikuuliza habari za ulimi ukanijibu habari za blanketi.

Umesema sisi ni Wakristo. Rwezaura ni Mkristo kuliko mimi na wewe tukiunganishwa. Anafunga hata siku ambazo padre mwenyewe anakula. Na mkuki wake umesimama ukutani chini ya msalaba, wala sijasikia vikigombana.

Umesema nikusemee. Kumfanyia mtu kwebuga ni kama kumwolea. Mimi sina neno, nitakuolea, lakini Kemirembe ameshahesabu meno yangu na sidhani atakubali.

Nifanyie jambo moja dogo. Niandikie mistari mitatu ya Kinyambo, yoyote. Nisalimie, nitukane, niambie umekula nini jana. Na jambo la pili: katika ofisi ya mji unafanya kazi gani hasa? Rwezaura aliniuliza, nami nikamwambia, "Karani." Nilisema vema?

Cassian, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, anakuja Mwanza kumwona binti yake aliyejifungua. Nimemwambia akutafute akuletee salamu kwa mdomo. Mpe hata chai.

Babu yako,
Kakuru


Mwanza
30 Julai 1953

Kwa Babu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo. Mwambie mama blanketi ni la kujifunika, si la kutazama. Mzee Aristides mpe pole ya ng'ombe.

Babu, barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Sasa naiandika bila kuisoma nyuma, na nitaifunga hivyo hivyo.

Mzee Cassian alinikuta sokoni. Nilikuwa na rafiki zangu wa dansi. Hawa watu hapa wananijua kama Leo, mtu wa Tabora. Nilipofika Mwanza walinicheka kwa jinsi nilivyotamka, wakaniita ndizi, kila nikisema neno wanalirudia na kuangua kicheko. Nikanyamaza karibu mwaka mzima. Nikawasikiliza. Nikajifunza maneno yao, yale ya mtaani yanayobadilika kama nguo, ukichelewa mwezi mmoja umeshakuwa mshamba. Kisha nikahamia mtaa mwingine, nikasema nimetoka Tabora, wakaamini. Mpaka leo nikilala naogopa kuota kwa sauti.

Basi Mzee Cassian akaja amefungua mikono, akanisalimu kwa Kinyambo, salamu ndefu ile ya nyumbani, kuuliza mama, kuuliza migomba, kukuuliza wewe. Nilielewa kila neno, babu. Kila neno. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Samahani mzee, nadhani umenifananisha."

Alinitazama. Akasema, "Samahani, mwanangu." Akaenda zake na furushi lake. Nilimfuata jioni nyumbani kwa binti yake, sikuthubutu kubisha hodi.

Uliuliza kama ulimi uko salama. Uko, lakini haukukua. Niliondoka nikiwa na miaka kumi, na Kinyambo changu kimebaki na miaka kumi. Najua kuomba chakula, najua kulia, najua kuchunga ndama. Neno la mwanamume anayezungumza na baba mkwe sikuwahi kupewa. Nikishika mkuki nikafungua kinywa atatoka mtoto. Na Kiswahili changu ni cha kuazima. Sasa sijui, mtu aliye na lugha mbili na zote si zake, anaitwa nani?

Ndiyo maana naomba. Niandikie hiyo kwebuga, yote, nami nitaikariri kama tulivyokariri misa ya Kilatini. Weka chochote, mradi wazee waitikie.

Mjukuu wako,
Leonadi


Kihanga
16 Agosti 1953

Kwa mjukuu wangu Leonadi,

Hatujambo sote, goti lile limekuwa magoti mawili. Kahawa imeanikwa, na kuku wa jirani wamekubaliana kulala juu yake. Cassian amerudi. Alikuja tukanywa. Hakusema mengi. Alisema tu una afya na umenenepa kidogo. Kwa hiyo acha kujitesa, pengine hata hakukasirika.

Nilisoma barua yako nje ya nyumba ili mama yako asinione uso.

Unadhani uko peke yako? Nikupe yangu. Wewe unajua jinsi wanavyoniita hapa Mwalimu wa Kiswahili. Kila anayekuja kutoka nje wananiita nikalimani. Hicho Kiswahili mimi nilikiokota vitani nikibeba mizigo ya jeshi. Ni Kiswahili cha inua, funga, kimbia, leta maji, mjinga wewe. Barua hizi naandika polepole na Novatus hunisahihisha. Mdomo hauna Novatus.

Mwezi uliopita alikuja bwana mifugo, kijana wa Tanga, mpole, mwenye kusema haraka kama mvua juu ya mabati. Watu wamekusanyika, mimi mbele nimevaa koti. Akasema neno refu. Ndani yake mlikuwa na maendeleo, na ushirika, na chanjo, na mengine yaliyozaliwa mimi nikiwa nimelala. Akanyamaza, akanitazama. Watu wote wakanitazama. Mjukuu wangu, sikuelewa hata kipande. Ningeweza kusema, "Bwana, rudia." Neno rahisi. Nikageuka nikawaambia watu kwa Kinyambo, kwa sauti nzito, "Anasema wanakuja wiki ijayo kuhesabu ng'ombe." Nilikisia tu. Kwani serikali huwa inataka nini kingine?

Watu wakaficha ng'ombe porini. Bwana mifugo akarudi na sindano zake za kuzuia ugonjwa, akakuta ndama wa mjane mmoja na mbuzi. Baadaye mwalimu mmoja wa kutoka Bukoba akaeleza yaliyosemwa. Hakuna aliyenicheka mbele yangu. Ila sasa wakija wageni wanamtafuta yeye, na mimi najifanya nina kazi kibanjani. Ugonjwa ulipofika, ng'ombe waliofichwa wakafa, na yule wa madoa, wa kuzaa madume, alikuwa mmoja wao.

Basi tusilie. Kwebuga yako hii hapa. Ya Kinyambo iko nyuma ya karatasi, nimeiandika herufi kubwa kubwa. Maana yake ni hii:

Mimi ni Leonadi wa Apolinary wa Kakuru,
tawi la mti usiopinda kwa upepo wa ziwani.
Nimevuka maji yasiyo na ng'ambo.
Mimi, chui alinijia nikiwa sina mkuki,
nikampiga fimbo moja, akalala asiamke.

Uliniambia weka chochote, na hukuniambia kazi yako. Kwa hiyo nimekuazima chui wangu. Kaisho ni mbali, hawamjui. Mtunze, nimemfuga miaka mingi.

Sema kwa sauti, simama miguu iachane, mkuki usiutetemeshe mpaka mwisho wa mstari.

Babu yako,
Kakuru


Mwanza
22 Septemba 1953

Kwa Babu,

Shikamoo. Nimekariri yote. Alfajiri nikiwa kazini naisema kimya kimya, na mwenzangu mmoja amedhani nasali, naye ameanza kuvua kofia.

Suti nimeifua na kuipiga pasi. Nitafika kwa meli wiki ya kwanza ya Oktoba, kisha lori. Sina neno jingine. Naomba tu siku hiyo usimame mahali nitakapokuona.

Leonadi


Mwanza
20 Desemba 1953

Kwa Babu,

Shikamoo. Kemirembe anakusalimu. Anaomba umwulize mama kama senene wameanguka mwaka huu, na kama wameanguka, nani aliwakusanya upande wa kwao. Huku taa za barabarani huwavuta wachache, anawaokota asubuhi majirani wakimtazama. Hajali.

Nimekaa bila kukuandikia tangu harusi. Si kwa kazi nyingi. Nilikuwa sitaki.

Babu, Kaisho nzima inamjua chui wako.

Nilisimama kama ulivyosema. Jina langu wakaitikia. Jina la baba wakaitikia, hata wewe nilikusikia. Maji yasiyo na ng'ambo wakaitikia kwa nguvu, Mzee Aristides akapunga ule mkono wake uliofungwa. Nikasema, chui alinijia. Kimya. Nikadhani hawakusikia, nikarudia kwa sauti zaidi. Kimya. Kisha mzee mmoja nyuma akasema polepole, si kwa ubaya, "Huyu chui mwaka huu amezeeka." Na mwingine akasema, "Kumbe anarithiwa?" Umemsimulia katika kila rubisi kutoka Kihanga mpaka Kaisho tangu kabla sijazaliwa, ukanipa mimi nimpeleke kwa wakwe.

Nilimwona Kemirembe mlangoni. Nilimwona shangazi yake akimshika mkono kumrudisha ndani.

Sijui ni nani aliyefungua kinywa changu. Nikasema kwa kile Kinyambo changu cha miaka kumi, kama mtoto anayemweleza mama yake alikochafukia. Maneno ambayo hayakuwamo nikayajaza ya Mwanza, hata yale ya mtaani. Nikasema: Mimi ni Leonadi. Si karani. Mwanza ninabeba ndoo za vyoo. Kabla jua halijatoka tunapita nyuma ya nyumba, tunatoa ndoo iliyojaa, tunaweka tupu. Mzungu, Mhindi, karani, padre, wote nawabebea. Naijua kila nyumba ya mji ule kwa mgongo wake. Mji unaamka msafi, haujui ni nani aliyeuosha, ni mimi.

Nilikuwa nimekwambia usimame nitakapokuona. Nikakutazama. Ulikuwa unatazama miguu yako.

Baada ya hapo masikio yalivuma. Najua nilipewa mke, maana ninaye. Najua Rwezaura alisema neno, watu wakacheka, sikulisikia, na sikuuliza. Niliondoka na lori la Jumatatu bila kukuaga kwa sababu nilikuwa sijui nianze na lugha gani.

Kemirembe aliniuliza jambo moja tu juu ya kazi. Kama ndoo zina mifuniko. Nikamwambia zinayo. Akasema, basi.

Rafiki zangu nimewaambia sijatoka Tabora. Walicheka siku mbili. Sasa wananiita Ndizi tena.

Leonadi


Kihanga
17 Januari 1954

Kwa mjukuu wangu Leonadi, na mke wetu Kemirembe,

Sisi tuna afya. Senene walianguka wengi, mwambie Kemirembe. Mama yake aliwakusanya upande wake na hakumgawia mtu. Wa kwetu mama yako amewakaanga, natuma kwa Cassian katika kopo. Amejipatia sababu ya kuja Mwanza tena, mjukuu wake anaota meno. Atabisha hodi kwako, nimemwambia. Akikusalimu, mjibu hata kwa kile cha miaka kumi.

Novatus amesafiri, kwa hiyo herufi zikipinda usinicheke. Tena afadhali. Haya sikutaka ayasahihishe.

Nilikuandikia kwamba Cassian alisema tu una afya. Nilikudanganya. Cassian aliniambia yote. Baada ya pale sokoni alimwuliza binti yake, akaambiwa huyo kijana anabeba ndoo, nyumba za mtaa wao ni yeye anayezipitia. Cassian hakuja kunishitakia. Alisema, "Kakuru, kijana anaona haya, mwandikie neno zuri." Nami nikaenda ndani nikakuandikia chui.

Umenielewa? Sikuweka chui kwa kuwa hukunitajia kazi. Niliijua kazi. Nilimweka chui akae mbele yake, isionekane. Wewe ulipomkana Cassian sokoni ulikuwa unamficha babu yako kwa rafiki zako, na mimi nilikuwa nakuficha wewe kwa wakwe. Ila wewe uliandika barua ukasema. Mimi nilikaa kimya nikaita ni mzaha.

Na kweli nilidhani Kaisho hawamjui. Mtu akinywa hakumbuki alikonywea.

Sasa nikwambie usiyoyasikia. Uliposema ndoo, uwanja ulinyamaza, lakini si kimya kile cha chui. Ng'ombe walisikika wakitafuna. Mimi nilikuwa nafikiri: sasa watanitazama. Siyo watakutazama wewe. Watanitazama mimi. Hivyo ndivyo nilivyotafuta miguu yangu, nikaiona, michafu.

Aliyeitikia kwanza ni mama yako. Mwanamke haitikii kwebuga, hilo halijawahi kuonekana. Pulkeria alikuwa kati ya wanawake, na magoti yake yote mawili, akasimama akasema, "Eee!" Wanawake wakamvuta nguo. Akasema tena. Kisha Aristides, kisha Kaisho yote. Rwezaura akakaa muda akikunja na kukunjua kidole. Halafu akasema, "Kinyambo chako ni cha mtoto wa kunyonya, na kazi yako inanuka. Lakini mtu mwenyewe nimemsikia. Hao wengine wa suti mpaka leo sijui ni akina nani." Watu wakacheka, shangazi akamwachia Kemirembe mkono. Hilo ndilo neno ulilolikosa. Hakusema ameipenda kazi. Alisema amesikia.

Mimi niliitikia wa mwisho. Wote walikuwa wamekwisha. Ilitoka peke yake, kubwa, kama ng'ombe aliyesahauliwa zizini, na jino langu la mbele lililokuwa linacheza likatoka nalo. Watu walidhani ni kwa furaha.

Tangu hapo sijasimulia chui. Wananiomba, nakataa. Juma lililopita, penye rubisi, nikasimama, nikashika fimbo kwa kuwa mkuki wangu una kutu, nikafanya kwebuga mpya. Maana yake kwa Kiswahili ni hii:

Mimi ni Kakuru wa Ndyamukama,
mkalimani wa maneno nisiyoyajua.
Niliwaficha ng'ombe wasipone.
Chui aliyekufa nilimpiga, macho nimefumba.
Mjukuu wangu aliposimama wima, mimi nilitazama vidole vya miguu.
Niliitikia nyuma ya wanawake.

Hakuna aliyeitikia. Si kwa kuwa ni uongo, nadhani. Aristides alinishika paji la uso aone kama nina homa. Kisha wakaanza kuzungumza habari za bei ya kahawa, nami nikaketi na fimbo yangu.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, kuna kitu nakudai. Ile "Eee" niliyokupa ilichelewa, sikatai, lakini ilikuwa kubwa na ilinigharimu jino, nawe bado hujailipa. Soma mistari yangu hiyo, moja moja, Kemirembe akiwepo. Ukiona kuna wa uongo, nyamaza. Ukiona ni yangu, niandikie "Eee" moja tu. Iwe katika karatasi yake peke yake, kwa herufi kubwa, ili nimwonyeshe Aristides.

Usitume na sabuni. Ya mwaka jana bado ipo.

Babu yako,
Kakuru